Tunatazamana Jimu, Lakini Hatusemezani

Ukimuuliza mkazi wa Dar es Salaam kwa nini ameacha kwenda jimu, jibu la kwanza huwa ni hela, la pili foleni, la tatu kazi. Kaa naye zaidi, hasa akiwa mama mwenye mwili mkubwa au kijana mwembamba aliyeanza mazoezi ukubwani, na sababu ya nne itatoka kwa sauti ya chini: macho ya watu. Atasema alikuwa anatazamwa. Nenda sasa kwa waliobaki, wale ambao chuma kimeshawakubali, watakwambia pale hakuna anayemtazama mtu, kila mmoja yuko na lake. Nimeyasikia maelezo haya mawili Sinza, Mbagala na Mikocheni, mara nyingi mno, hadi nimeamini kwamba pande zote mbili zinasema kweli. Kazi iliyobaki ni kueleza kweli hizo mbili zinakaaje kwenye ukumbi mmoja.

Tuanze na muda, jambo ambalo asiyenyanyua vyuma hulipita bila kulifikiria. Chukua mtu anayefanya seti 20 kwa saa moja, seti ikiwa ni duru moja ya kunyanyua mfululizo kabla ya kupumzika, kila seti sekunde 40. Jumla ya kazi yake ni dakika 13 na sekunde kidogo. Dakika 46 zilizobaki amekaa kwenye benchi, anafuta jasho, anabadilisha sahani za chuma, anasubiri mashine. Na huo si uvivu. Misuli iliyosukuma uzito mkubwa huwa imemaliza akiba yake ya nguvu ya haraka, na akiba hiyo huhitaji dakika 2 au 3 ili irudi karibu yote, ndiyo maana mwalimu mzuri husisitiza mapumziko kati ya seti. Mikono na miguu imepumzika, lakini macho hayajachoka. Yaende wapi? Ukutani kuna kioo, juu kuna televisheni iliyozimwa sauti, katikati kuna watu wanaopanda na kushuka. Jicho la binadamu huvutwa na kinachosogea kabla akili haijaamua kama kinastahili kutazamwa. Sehemu kubwa ya kutazamana jimu huanzia hapo, na haina nia yoyote ndani yake.

Sehemu nyingine ni shule. Hakuna aliyejua kuchuchumaa na chuma mabegani kwa kusimuliwa. Mwanasaikolojia Albert Bandura, kuanzia majaribio yake ya mwaka 1961 na watoto, alionyesha jinsi binadamu anavyojifunza mengi kwa kumtazama tu mwenzake akitenda, bila kupewa zawadi wala adhabu. Kwenye jimu nyingi za mji huu, jioni ikifika mwalimu huwa ni mmoja kwa ukumbi mzima, au yupo lakini amelipwa na mteja mmoja na hawezi kumwacha. Mgeni afanyeje? Anaiba kwa macho. Miguu inapanuliwa kiasi gani, kiwiko kinakaa wapi, ile mashine ya kamba inavutwa mtu akiwa amesimama au amepiga goti. Mwangalie vizuri utaona anatazama kwa kificho, akikutwa anageuza uso upesi. Anaona aibu kwa kitendo kile kile ambacho kingemnusuru na maumivu ya mgongo.

Halafu kuna kujipima. Mwaka 1954 Leon Festinger, mwanasaikolojia wa Marekani, alieleza kwamba mtu ana hamu ya kujua amefikia wapi, na pasipokuwa na kipimo cha wazi hujilinganisha na wenzake, kwanza wale wanaofanana naye. Unaweza kusema jimu ina vipimo, kilo zimeandikwa kwenye chuma. Lakini kilo 60 ni nyingi au chache? Jibu analo aliyelala kwenye benchi la jirani. Shida ni kwamba mtu wa miaka 45 mwenye kitambi angefaidika zaidi kumtazama mwenzake wa rika lake na mwili kama wake, aliyemtangulia kwa miezi sita. Badala yake jicho lake hukimbilia kwa baunsa mwenye mwili jumba aliyeanza kunyanyua tangu akiwa sekondari, na hesabu ya hapo haiwezi kutoka vizuri hata siku moja. Wanaofanana naye wako kwenye kona, au walishaacha.

Hadi hapa nimemzungumzia anayetazama. Anayetazamwa naye habaki kama alivyokuwa, na hapa ndipo naona ugomvi wetu wote ulipo.

Mwaka 1898 Norman Triplett wa Marekani alipitia kumbukumbu za mashindano ya baiskeli, akaona kwamba waliokimbia wakiwa na wenzao walikwenda kasi kuliko waliokimbia peke yao dhidi ya saa. Karibu karne moja baadaye, mwaka 1983, watafiti wawili, Worringham na Messick, waliwapima wakimbiaji wa kawaida huko California bila wao kujua. Mwanamke alikaa pembeni mwa njia. Alipowaelekea, wakimbiaji waliongeza mwendo walipomkaribia. Alipowapa mgongo, hawakuongeza. Aliyewahi kufanya mazoezi alfajiri kwenye Daraja la Tanzanite, tangu lilipofunguliwa mwaka 2022, ameliona jambo hili bila mtafiti: aliyekuwa ameshaanza kutembea hurudi kukimbia pale anapokaribia watu waliosimama kupiga picha.

Kwa hiyo macho yanasaidia? Si kila mara, na aliyetatua fumbo hilo ni Robert Zajonc, mwaka 1965. Alieleza kwamba kuwapo kwa watu wengine huuamsha mwili, na mwili ulioamshwa hutoa kile ulichokizoea zaidi. Kama ulichokizoea ni sahihi, utafanya vizuri kuliko ukiwa peke yako. Kama jambo bado ni geni kwako, utakosea zaidi. Mwaka 1969 yeye na wenzake wakalijaribu kwa mende. Mende waliowekwa kwenye njia iliyonyooka walikimbia upesi zaidi walipotazamwa na mende wenzao. Waliowekwa kwenye njia ya kukata kona walichelewa zaidi. Mende hana jina la kulinda wala mwili wa kuuonea haya. Kama hata yeye hubadilika hivyo, basi tumekosea kumwambia mgeni wa jimu kwamba tatizo lake ni kutojiamini.

Upeleke ugunduzi huo kwenye ukumbi wa saa kumi na mbili jioni. Mzoefu yuko kwenye benchi. Kusukuma chuma kifuani amekurudia mara elfu na elfu, mwili wake unajua. Macho ya ukumbi mzima yakimwangukia, anaongeza misukumo miwili ambayo asingeipata akiwa peke yake. Hatua chache kutoka hapo, dada aliyeingia jimu kwa mara ya kwanza Jumatatu iliyopita anajaribu mashine asiyoijua. Macho yale yale, hata yakiwa machache, yanamvurugia mpangilio: anasahau kupumua, anavuta kwa mgongo, anaweka uzito usio wake ili asionekane dhaifu. Mzoefu akisema macho hayana neno, anaeleza ukweli wa mwili wake. Anapomshauri dada huyo asijali watu, anamgawia ushauri ambao mwili wa dada hauwezi kuutumia bado. Nadhani watu wengi sana wameacha mazoezi katika mji huu wakiamini wao ni waoga, kumbe walikuwa wageni tu, na hakuna aliyewaambia kwamba ugeni unapita.

Tena mgeni huzidisha. Thomas Gilovich na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cornell, katika utafiti waliouchapisha mwaka 2000, waliwavalisha wanafunzi fulana yenye picha ya kuwaaibisha kisha wakawaingiza kwenye chumba chenye wenzao. Waliovaa walikadiria kwamba karibu nusu ya waliokuwamo wameiona. Walioiona hasa walikuwa robo tu hivi. Na mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sydney walionyesha kwamba pale mtu asipoona vizuri macho ya mwenzake yameelekea wapi, ubongo huelekea kuamua kwamba yanamtazama yeye. Jimu imejaa macho ya namna hiyo: mtu amekaa anahema, amekazia macho pasipo mahali, akili iko kwenye kodi ya nyumba. Wewe uliye mbele yake unahesabu umetazamwa dakika nzima.

Vioo navyo vinaongeza. Wenye jimu huviweka ili mtu aone mkao wake, na kwa mzoefu vina kazi kweli. Lakini Kathleen Martin Ginis na wenzake wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, waliwapandisha wanawake wasiozoea mazoezi kwenye baiskeli ya mazoezi isiyosogea kwa dakika 20, mwaka 2003 matokeo yakachapishwa: waliofanya mbele ya kioo walitoka na hisia mbaya kuliko waliofanya pasipo kioo, hata wale waliokuwa wanauridhia mwili wao. Kioo humfanya mtu awe mtazamaji wa nafsi yake mwenyewe. Na macho yakikutana kwenye kioo, wote wawili mmejua.

Hayo yote yapo Chicago kama yalivyo Kinondoni. Kinachotuhusu sisi ni kingine, na bila hicho nisingeshika kalamu. Watu wa mji huu hawakuzoea kutazamana kimya.

Nenda kwenye jimu za uani, Manzese, Buguruni, Temeke, zile zenye vyuma vya kuchomelea na uzito wa makopo ya rangi yaliyojazwa zege na kuunganishwa kwa bomba. Pale hakuna faragha hata chembe. Anayenyanyua amezungukwa, watoto wanachungulia ukutani, wapita njia wanasimama. Ila kila jicho lina sauti yake. "Saba! Nane! Bado mbili, usiishushe!" Mmoja amesimama kichwani kwa mnyanyuaji, mikono chini ya chuma, tayari kukidaka. Mwingine anamwambia akaze tumbo. Akimaliza, kelele, kisha zamu ya mwingine, na aliyekuwa anatazamwa sasa ndiye anayehesabu. Kutazama pale ni kazi: ukimkodolea mtu macho kwenye benchi bila kumshikia chuma, utaulizwa umefuata nini. Utani upo, na wakati mwingine ni mkali, watu hupewa majina ya miili yao. Sitaki kuupamba uani kuliko ulivyo, kwani wanawake ni wachache pale, na kuna vyuma ambavyo nisingemruhusu mwanangu alale chini yake. Ila hakuna anayebaki akijiuliza wanamfikiria nini. Wameshamwambia.

Vikundi vya kukimbia vya Jumamosi na Jumapili vina siri hiyo hiyo. Vinatoka mitaani alfajiri na fulana za rangi moja, vinaimba, vinajibizana, wengi wetu tukikumbuka mchakamchaka wa shule. Mama wa kilo mia moja anakimbia barabara kuu mchana kweupe, mbele ya abiria wa daladala, jambo ambalo asingethubutu peke yake. Macho anayoyapata ni mengi kuliko ya jimu yoyote. Lakini anatazamwa akiwa ndani ya wimbo, na kuna mwenzake pembeni aliyepunguza mwendo kwa ajili yake. Mjerumani Otto Köhler aliliona jambo la karibu na hilo miaka ya 1920, alipowapima wanachama wa klabu ya makasia ya Berlin: aliye dhaifu kidogo katika jozi alivumilia zaidi kuliko alipofanya kazi peke yake, maana akikata tamaa anamwangusha na mwenziwe.

Sasa ingia jimu yenye kiyoyozi. Umepitisha kadi mlangoni, hakuna aliyekuuliza jina. Watu wana hedifoni. Mama wa miaka 58 anapita katikati ya vijana ambao nje, kwenye lango la kuegesha magari, wangemwamkia shikamoo mara tatu. Ndani hakuna anayemwamkia. Yeye naye amevaa nguo asizovaa mbele ya wakwe, na hiyo salamu angeihitaji kuliko siku nyingine zote. Kwetu, macho yenu yakikutana na mtu mna deni la salamu. Ndivyo tunavyoishi barazani, kisimani, kwenye ngazi za ofisi, na ndivyo jicho linavyosafishwa. Jimu za kisasa zimeyaacha macho yote kama yalivyo, zimeongeza na vioo, kisha zimeiondoa salamu. Mtu aliyekulia Dar akitazamwa bila kusemeshwa hana njia ya kulielewa jicho hilo isipokuwa kama dharau, husuda au tamaa, kwa sababu hizo ndizo nyakati ambazo mtu wa kwetu hutazama na kunyamaza.

Najua atakayenipinga upesi, naye ni mwanamke. Atasema: mimi nimesemeshwa, na maneno ndiyo yaliyonifukuza. Ana haki. Salamu ya mwanaume kwa mwanamke jimu mara nyingi huja na mkia: mambo dada, nikuelekeze? unaishi wapi? namba yako? Wapo dada wanaovaa hedifoni zisizopiga muziki wowote ili wasisemeshwe. Hapo methali ya macho hayana pazia hutolewa kama kinga, na mimi siikubali. Jicho lililopita juu ya mtu halina kosa. Lililorudi mara ya tatu kwenye makalio ya mtu anayechuchumaa limepelekwa na mwenyewe, kwa shingo aliyoigeuza mwenyewe. Wanaojitetea kwa utani wakumbuke kwamba Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998 ililiingiza kosa la udhalilishaji wa kijinsia kwenye Kanuni ya Adhabu, na kosa hilo hutendeka kwa maneno na vitendo pia, si kwa mkono peke yake.

Simu ni mbaya zaidi. Jicho la mtu husahau, video haisahau. Kijana anajirekodi akivuta chuma, nyuma yake mama wa watu ameinama, na usiku mwili wa mama huyo uko TikTok kwa ajili ya watu wasiomjua. Ibara ya 16 ya Katiba yetu inamhakikishia kila mtu heshima na hifadhi ya maisha yake binafsi, na tangu mwaka 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Mwenye jimu hana haja ya kungoja mahakama imfundishe. Anaweza kubandika tangazo leo, na kutenga kona moja kwa wanaotaka kujirekodi, kamera ikielekea ukutani.

Nayabana maneno yangu basi: sauti ninayoitaka ni ile inayohusu kazi, kutoka kwa mtu anayeweza kuulizwa akikosea. Kwa Kiswahili chepesi, mwalimu. Mwalimu aliye huru, asiyefungwa na mteja mmoja, anayezunguka ukumbini saa za jioni, anayejua majina, anayemwambia mgeni mbele za watu "hapo sawa, shusha taratibu". Sentensi hiyo moja huyapa maana macho yote yaliyokuwa yanatazama, maana sasa wote wanajua kinachotazamwa ni mkao wa goti. Yeye pia ndiye wa kumwita pembeni yule ambaye shingo imemshinda. Wenye jimu huagiza mashine ya kukimbilia kwa mamilioni, kisha mshahara wa mwalimu wa zamu unaonekana gharama isiyo ya lazima.

Jambo hili si la urembo. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulionyesha kwamba takriban robo ya Watanzania watu wazima wana shinikizo la juu la damu. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na mkazi wa Dar anayekaa saa tatu kwenye foleni atazipata wapi kama ukumbi ulio karibu na kwake umemshinda kwa macho? Baadhi ya jimu zimeanza kutenga saa za wanawake, na nazipongeza. Ila zikiwekwa saa nne asubuhi, karani wa benki, muuza duka wa Kariakoo na mama lishe wote wako kazini. Ziwekwe saa moja usiku, siku mbili kwa wiki, na mwalimu wa kike awe ukumbini tangu dakika ya kwanza.